Pingu zimegoma: dalili, sababu na dawa, kutoka meza ya fundi wa kufuli Mombasa

Saa kumi na moja jioni tuktuk ilisimama mbele ya kibanda changu hapa Mwembe Tayari, ikateremsha vijana watatu. Wa kwanza mikono nyuma, pingu zimemkaa. Wa pili shati la kaki na rungu la mbao. Yeye ndiye "afande" wa mchezo wao wa kuigiza. Wa tatu kazi yake ilikuwa moja tu, kuwaambia watu waliokwisha kuanza kukusanyika kwamba huyu si mwizi, ni msanii, jamani tulieni. Na alikuwa na haki ya kuhofu. Mtaa ukimwona kijana na pingu hauulizi mara mbili.

"Ami, ufunguo umeharibika," afande akaniambia. "Wazunguka nusu, wakwama. Na saa moja twaingia jukwaani."

Nikauchukua ufunguo, nikautia tunduni, nikauzungusha upande wa pili, kinyume na alivyokuwa akizungusha yeye. Ta! Kisha nikaurudisha upande ule ule aliokuwa akiung'ang'ania tangu adhuhuri. Pingu ikaachia. Walitaka kunilipa, nikawaambia pesa hizo wakanywe kahawa.

Pingu nyingi zinazofika mezani kwangu zina ugonjwa huo huo. Kuna kufuli ya pili ndani yake, na mwenye pingu hajui kama ipo. Wengine huisahau kuifunga, wengine huisahau kuifungua, na karibu kila lalamiko nitakaloeleza hapa chini lina mkono wake. Wateja wenyewe ni wachache: vikundi vya maigizo, wapiga video za muziki, walinzi, na wazazi wenye watoto watundu. Lakini kila mmoja huja na haraka, maana pingu ni kufuli ya pekee ambayo ikigoma, kuna mwili wa mtu ndani.

Kwanza ijue unayoishika

Majina ya sehemu zake ni ya kibandani kwangu. Fundi mwingine atakuwa na yake. Kile kipande kilichopinda chenye meno, kinachozunguka, nakiita mundu. Mabati mawili yanayoupokea mundu katikati ni mashavu. Ndani ya mashavu kuna kipande kidogo chenye meno yake machache, huo ni ulimi, na nyuma ya ulimi kuna kamani inayousukuma uyaume meno ya mundu. Meno yamekatwa kwa mshazari. Mundu ukienda mbele, ulimi unapanda na kushuka, ndiyo ile kre-kre-kre unayoisikia. Mundu ukitaka kurudi, meno yanaumana na safari inaishia hapo.

Kufuli ya pili ni komeo. Ni kipande chembamba kinachotelezeshwa kikakaa dhidi ya ulimi, na kikikaa, ulimi haupandi wala haushuki. Mundu hauendi mbele, haurudi nyuma. Komeo hufungwa kwa kile kichuma chembamba kilichochomoza kwenye kichwa cha ufunguo: katika pingu nyingine unakibonyeza kwenye kitobo kilicho ukingoni, katika nyingine unakitia kwenye mwanya na kusukuma. Kulifungua komeo ni kwa jino la ufunguo lenyewe, kwa kuzungusha upande mmoja. Kuuinua ulimi ni kwa kuzungusha upande mwingine. Nani aje kwanza hutegemea kama komeo limefungwa, na hapo ndipo afande wetu alipopotea.

Umbo hili si la juzi, lakini si la kale sana pia. Mwaka 1862 Mmarekani W. V. Adams alipata hataza ya pingu yenye meno, inayokaa kulingana na unene wa mkono. Hata hivyo, kwa miaka hamsini mingine mundu uliingia tu, haukupita ukatokea upande wa pili. Mundu ukijifunga kwa bahati mbaya ndani ya mfuko wako, ulihitaji kwanza kuufungua kwa ufunguo ndipo umkimbilie mtu wako. George Carney ndiye aliyeleta mwaka 1912 mundu unaopita na kuzunguka bila kikomo, na kampuni ya Peerless, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1914, ikausambaza. Zinazouzwa leo, ghali na rahisi, nyingi ni watoto na wajukuu wa mtindo huo. Wazee walioijua Fort Jesus ilipokuwa jela, kuanzia 1895 hadi 1958, wana hadithi za minyororo, lakini hizo ni za barazani, si za mezani.

Kabla hujasema pingu ni mbovu, ijaribu ikiwa tupu. Isijaribiwe mkononi mwa mtu, hata kwa mzaha. Usukume mundu uzunguke mara tano sita: mlio uwe sawa, usiruke, usinate. Usimamishe katikati ya meno na uuvute kwa nguvu kurudi. Usirudi hata jino moja. Funga komeo, jaribu mbele na nyuma, pawe kimya. Kisha ufungue kwa ufunguo, hatua mbili. Pingu iliyofaulu yote hayo ni nzima, na tatizo lako liko kwenye ufunguo, kwenye mkono au kwenye mtu aliyeifunga.

"Ufunguo unazunguka lakini haifunguki"

Dawa ya kwanza umekwishaiona: geuza upande. Ufunguo ukigonga kitu kigumu, usiulazimishe. Funguo hizi nyingi za bei rahisi ni laini. Jino linapinda, na kutoka hapo umejitengenezea tatizo la pili. Zungusha upande mmoja mpaka usikie au uhisi komeo limeruka, kisha upande mwingine.

Ikiwa komeo limefunguka na bado hapana, tazama mkono. Mtu aliyefungwa huvuta, hata bila kujua. Mabega yanachoka, mikono inataka kutengana. Akivuta, meno ya mundu yanaulalia ulimi kwa nguvu zote, na ufunguo mdogo kama ule hauwezi kuunyanyua. Mwambie alegeze. Kisha usukume mundu ndani kidogo sana, kana kwamba unaongeza kubana, lakini usifike kulia kre. Mzigo ukiondoka juu ya ulimi, zungusha. Nimewahi kumwona mtu akivunja ufunguo wa pili kwa kukosa kujua jambo hili moja.

Halafu ufunguo wenyewe. Shina lake lina tundu, na tundu hilo huvaa kijiti kilichosimama katikati ya kufuli. Kijiti kikipinda, ufunguo hauingii hadi mwisho, jino linaelea juu ya ulimi bila kuugusa. Tundu la shina likijaa uchafu, matokeo ni yale yale, na hili hutokea sana kwa funguo zinazokaa mfukoni pamoja na sarafu na makombo ya mahamri. Lipekue kwa pini. Jino likiwa limelika hadi kuwa mviringo, tupa ufunguo huo, mwingine wa aina hiyo ni bei ya nauli.

Jino likikatikia ndani, acha. Usichokoe kwa pini mtu akiwa bado amefungwa, maana unaweza kulisukuma chini ya ulimi likawa kabari. Hiyo ni kazi ya mwanga mzuri, koleo yenye mdomo mwembamba na subira.

"Zinazidi kubana zenyewe"

Hazibani zenyewe. Zinasukumwa, na hakuna aliyefunga komeo.

Fikiria mtu amekalishwa nyuma ya gari, mikono mgongoni. Gari linaruka kwenye tuta, anaegemea kiti, mundu unagonga ubao: kre. Anajigeuza apate nafuu: kre. Kila mlio ni jino moja, na jino lililoingia halirudi. Akifika anakokwenda analia kwamba alibanwa makusudi. Mara nyingine ni kweli, watu wabaya wapo. Lakini mara nyingi aliyemfunga alimwacha na nafasi ya kutosha, akasahau kubonyeza kitobo kimoja. Kwa macho ya aliyefungwa, mambo hayo mawili hayana tofauti hata kidogo, na mkono wake pia hauioni.

Ikiwa komeo linakataa kuingia, sababu huwa ni taka kwenye kitobo, au kile kichuma cha kwenye kichwa cha ufunguo kimekatika. Hilo la pili ni la kawaida mno. Ufunguo unaendelea kufungua vizuri, kwa hiyo mwenyewe haoni kasoro, kumbe hajafunga komeo tangu mwaka jana. Wasanii wa maigizo, sikieni hapa: anayecheza mfungwa ndiye atakayeanguka jukwaani na kulalia mikono yake. Komeo kwanza, mchezo baadaye.

"Kidole gumba kina ganzi"

Dalili hii si ya fundi, ni ya daktari, ila huletwa kwangu kwanza. Mtu anakuja siku tatu baadaye, ananionyesha mgongo wa mkono wake, kati ya kidole gumba na cha shahada. "Hapa sihisi kitu. Au nahisi sindano sindano."

Kuna tawi jembamba la neva ya radia linalopita upande wa kidole gumba, juu kabisa ya mfupa wa kiwiko cha mkono, pale kitanga kinapoanzia na pingu inapokaa. Hapo hakuna nyama ya kulikinga, ni ngozi, neva, mfupa. Pingu iliyobana inalikandamiza tawi hilo kama mlango unavyokandamiza waya wa simu. Kwa kuwa tawi hilo ni la kuhisi tu, kidole kinaendelea kukunjika na kunyooka vizuri. Ni ngozi iliyopoteza habari. Kwa kawaida hisia hurudi polepole, wiki kadhaa au hata miezi. Ikiwa vidole havina nguvu, kitanga kinaning'inia, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, usikae kunisikiliza mimi. Nenda hospitali, na ueleze wazi kwamba ulifungwa pingu na kwa muda gani.

Kipimo cha kubana ni kidole. Ncha ya kidole chako iweze kupita kati ya chuma na ngozi yake, isipite zaidi ya hapo. Bangili, saa na uzi wa mkononi vitoke kwanza. Nimewahi kuona bangili ya fedha iliyokandamizwa na pingu mpaka ikaacha ua lake kwenye ngozi. Vidole vikiwa baridi au vikibadilika rangi, hakuna cha kusubiri, legeza.

Na kwa wanaouliza haki: Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai ya Kenya, Sura ya 75, kifungu cha 24, inasema aliyekamatwa asizuiwe zaidi ya inavyohitajika ili asitoroke. Kifungu ni kifupi kama nilivyokiandika. Pingu za kumtesa mtu haziingii humo. Ukiwa na malalamiko, piga picha alama za mkononi siku hiyo hiyo kabla hazijafutika, pata karatasi ya daktari, na Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ile watu wanayoiita IPOA, iko kwa kazi hiyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa za Nelson Mandela, za mwaka 2015, zinakwenda mbali zaidi kwa magereza: mwanamke aliye na uchungu wa uzazi, anayejifungua, au aliyetoka kujifungua asifungwe pingu kabisa.

"Haishiki, mundu unarudi"

Tupa.

Najua ungependa kusikia namna ya kurekebisha. Kamani imechoka, au meno ya ulimi yamelika, au ribiti za mashavu zimelegea hadi mashavu yameachana na ulimi hauumi sawasawa. Kamani naweza kuibadilisha. Lakini kufungua mashavu ni kukata ribiti, na pingu iliyokatwa ribiti ikagongwa upya kibandani si kitu ningemwambia mtu aiamini. Kuna hali moja tu ya kusamehe: ulimi umenata juu kwa grisi iliyoganda. Ioshe kama nitakavyoeleza hapa chini, uijaribu tena. Ikirudi jino moja tu, ni ile ile, jalalani.

"Imekaza, haizunguki": ugonjwa wa pwani

Bara pingu huzeeka kwa kutumika. Hapa zinazeeka zikiwa zimetundikwa ukutani. Hewa yetu ina chumvi, na msimu wa kusi upepo unaileta mpaka ndani ya droo. Ongeza jasho, ambalo nalo ni chumvi, na mlinzi anayepita na pingu kiunoni kwenye kivuko cha Likoni asubuhi na jioni, povu la bahari likimrukia. Ndani ya mwaka mmoja mundu unazunguka kama mlango wa godauni.

Nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli. Nikeli yenyewe haiozi kirahisi, lakini ikikwaruzwa, maji ya chumvi huingia chini yake na kutu hutambaa ukiwa huioni, halafu ngozi ya nikeli inabanduka kama rangi ya mashua. Za chuma cha pua huvumilia zaidi, ingawa hata hizo hupata madoa, hasa kati ya mashavu pasipofika kitambaa. Jozi ya kawaida ya chuma ina uzito wa karibu gramu 300. Ukiinyanyua ikawa nyepesi kama kijiko, ni ya aluminiamu au ni ya kuchezea, na hizo zina mambo yake.

Osha kwa maji ya bomba. Nasema bomba kwa sababu nyumba nyingi kisiwani hutumia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi. Zungusha mundu ndani ya maji, maji yaingie na kutoka. Kausha vizuri, kitambaa kisha jua. Kama bado imekaza, iloweke kwenye mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi uizungushe mpaka mafuta yanayotoka yasiwe na rangi ya chai, kisha ipanguse. Mwisho, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ulimi, tone moja kwenye ribiti ambayo mundu unazungukia. Moja. Ukimimina, vumbi litafuata, na vumbi la Mji wa Kale, lile la chokaa na matumbawe, likichanganyika na mafuta linakuwa simiti.

Grisi hapana. Msasa juu ya nikeli hapana, unaondoa ngao yenyewe. Mafuta ya nazi hapana pia. Mlinzi mmoja wa makamo aliniapia kwamba mkewe hulainishia kila kitu kwayo, kuanzia nywele hadi bawaba za mlango. Pingu zake zilifika zikinuka kama chungu cha juzi, na sisimizi wakitoka kwenye tundu la ufunguo kwa mstari.

"Mtoto amejifunga"

Usivute. Nasema tena kwa bibi na shangazi: usivute. Mkono unavimba, na ukivimba, hata ufunguo sahihi unakuwa mateso.

Geuza pingu utazame karibu na tundu la ufunguo. Pingu nyingi za kuchezea zina kidude cha kubonyeza pembeni kinachoachia ulimi bila ufunguo, kimewekwa kwa ajili ya siku kama hii. Huwa kidogo, mara nyingine kimepakwa rangi moja na pingu, na mtoto mwenyewe anakijua kuliko wewe, muulize. Kisipokuwepo, mpe mtoto kitu cha kula, inua mkono wake juu ya usawa wa moyo, weka kitambaa cha maji baridi juu ya vidole, mlete kwa fundi. Za kuchezea za aloi laini hukatika bila taabu. Mama mmoja alifika na mwanawe wa miaka sita aliyejifunga na mguu wa kitanda. Kitanda walikiacha Majengo, walikuja na mguu.

"Mtu katoka": je, pingu ni ngumu kiasi gani?

Swali hili huulizwa kwa njia mbili. Mlinzi huuliza kwa hasira, "Vipi katoka?" Kijana aliyeshiba video huuliza kwa hamu, "Mtu aweza kutoka?" Jibu langu kwa wote wawili ni moja. Kuivunja, sahau. Kuikosea, kila siku.

Hakuna mtu anayekata mnyororo wa pingu nzima kwa kuvuta. Sinema hudanganya. Kitakachokatika kwanza ni ngozi, kisha mfupa. Zile zenye bawaba badala ya mnyororo zinambana zaidi mtu kwa sababu kiganja hakigeuki kufikia tundu, na zile ngumu, zisizo na kiungo katikati, zinazidi hapo.

Lakini mtu akitoka, karibu kila mara moja ya sababu hizi ipo. Ilifungwa kwa kulegea: kuna watu ambao kitanga chao, kidole gumba kikilala ndani, si kipana kuliko kiwiko cha mkono, na kwao nafasi ya vidole viwili ni mlango wazi. Au komeo halikufungwa, na ulimi usio na komeo unategemea kamani peke yake, kwa hiyo unaweza kuhadaiwa. Watengenezaji wanalijua hilo tangu karne ya kumi na tisa, ndiyo maana wakaleta komeo. Komeo ni kwa ajili ya mkono usibanwe, na ni kwa ajili ya mkono usitoke. Kitobo kimoja, faida mbili. Au mtu alikuwa na ufunguo. Hili huwashangaza wengi: pingu nyingi za kawaida za mtindo wa Peerless, hata za kampuni tofauti, hufunguliwa na ufunguo wa aina moja. Si uzembe. Afisa wa kituo kimoja lazima aweze kumfungua aliyefungwa na afisa wa kituo kingine, au moto ukitokea mtu asiungue kwa kukosa ufunguo wa bwana fulani aliyekwenda likizo. Ila maana yake ni kwamba upekuzi wa mifuko unafanya kazi kubwa kuliko chuma chenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa ugumu wake, sizilinganishi na sanduku la benki. Pingu ni breki. Zimetengenezwa kumpunguza mtu kasi kutoka barabarani hadi kwenye gari, kutoka gari hadi selo, na wakati wote huo kuna macho yanayomtazama. Mlinzi aliyemfunga mtu kwenye nguzo akaenda kunywa chai asinilaumu mimi wala kiwanda.

Watu humtaja Houdini, yule mcheza kiinimacho aliyesifika kwa kujitoa kwenye pingu. Tarehe 17 Machi 1904, katika ukumbi wa Hippodrome, London, gazeti la Mirror lilimletea pingu zilizosemekana kumchukua fundi mmoja wa Birmingham miaka mitano kuzitengeneza. Ukumbi ulijaa. Alikaa nazo zaidi ya saa nzima. Katikati ya shughuli aliomba afunguliwe avue koti, joto lilikuwa limemzidi. Akakataliwa, maana wangemfungua angeona namna kufuli inavyofanya kazi. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akakifungua kwa meno, akalikatakata koti lake mwilini. Hatimaye akatoka, na mpaka leo watu wanabishana kama alizishinda kweli au mambo yalipangwa. Mimi kama fundi kinachonivutia ni saa yenyewe. Huyo alikuwa bingwa wa dunia, aliyeishi kwa kufuli, na bado ilimchukua zaidi ya saa moja. Kijana wetu wa video anadhani ni sekunde kumi na kibanio cha nywele.

"Iko mkononi, ufunguo hakuna"

Ikiwa ni ya kikundi au ya nyumbani, nauliza maswali mawili matatu, natafuta ufunguo kwenye mkebe wangu, na kwa kawaida yamekwisha. Ikibidi kukata, sianzi kwa kuwasha grainda kwa furaha. Chuma kinachokatwa kinapata moto ambao ngozi iliyo chini yake haitausamehe. Kipande cha ngozi nene kinapita kati ya chuma na mkono, maji yanamiminwa bila kukoma, na napumzisha kila baada ya muda mfupi. Mkono ukiwa umevimba mpaka hakuna pa kupitisha ngozi hiyo, pingu siikati mimi. Hospitali.

Ikiwa ni ya polisi, ufunguo uko kituoni, na huko ndiko tunakokwenda. Kutoroka chini ya ulinzi halali ni kosa lenyewe kwa sheria zetu, hata kama lile ulilokamatiwa halikuwa na kichwa wala miguu. Na fundi anayekukatia anajiingiza humo pamoja nawe. Aliyekamatwa kwa uonevu ana njia: Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, haki ya wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24.

Haya niliyasema siku moja kwa kijana aliyekuja peke yake, mwezi wa pili, kaskazi imetulia na lami inanata viatuni. Alikuwa amevaa jaketi. Jaketi, Mombasa, mwezi wa pili. Akasubiri wateja wote waondoke, ndipo akapandisha mkono wa kushoto. Pingu moja ilikuwa kiwikoni, ya pili ikining'inia tupu, mnyororo umefungwa kwa leso usilie.

"Ami, nikatie. Nina pesa."

Nikaitazama. Ilikuwa nzima, ya chuma cha pua, imetunzwa, na komeo halikuwa limefungwa. Ilikuwa imeingia meno mawili zaidi ya inavyofaa. Ngozi imeinuka pembeni. Nikamwambia naweza kufunga kibanda sasa hivi tukatembea pamoja mpaka kituoni, nitazungumza mimi, na kwanza nimwekee komeo isizidi kumbana njiani. Akafikiri. Akanyoosha mkono, nikabonyeza kitobo, ta. Akaujaribu mundu kwa kidole, akaona haumsogelei tena.

Kisha akashusha mkono wa jaketi, akasema shukran, akavuka barabara kuelekea kwenye mabasi.